Furaha Haimngoji Mthamini

Salamu kwako uliyeko Kemambo, kuanzia Kewanja mpaka Kerende. Salamu kwa Murito, Nyangoto na Matongo. Nanyi mlioko ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti mpaka Mugumu, natumaini mawimbi yanawafikia vizuri. Waliotoka shamba waoge kwanza, maana mazungumzo ya leo hayana haraka.

Nataka tuzungumzie furaha. Nawasikia baadhi yenu mkicheka: huyu leo kakosa la kusema. Michango ya shule haijalipwa, mahindi yameliwa na viwavi, yeye anatuletea furaha! Cheka, lakini usizime redio.

Nianze na nyumba. Anayeijua Nyamongo yetu, penye mgodi wa dhahabu, anazijua nyumba ninazosema. Kuta ni za fito na udongo uliopigwa juujuu. Bati ni lile jembamba linalopiga kelele hata kwa upepo mdogo. Mlango ni ubao uliogongewa misumari miwili mitatu, na nyingine hazina mlango kabisa. Chungulia ndani: hakuna kitanda, hakuna mafiga, ukuta hauna hata doa la moshi. Majani yameota sakafuni yakafika dirishani. Nje, mipapai na miche ya miti imepandwa ikabanana kiasi kwamba mbuzi akiingia itabidi atoke kinyumenyume. Hakuna mtu aliyewahi kulala humo, wala aliyekusudia kulala. Ni nyumba za tegesha. Zinamngoja mthamini. Mgodi ukipanuka, mthamini akipita na makaratasi yake, zihesabiwe. Zikihesabiwa, mwenyewe alipwe fidia.

Sikuja kuwacheka wategesha. Mtu hategeshi kwa ujanja tu. Ameona shamba la babu yake likiwa shimo, ameona jirani akihamishwa na kulipwa kwa hesabu asiyoielewa, ameona karatasi moja ikibadilisha maisha ya mtu kuliko misimu kumi ya kulima. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Ukaingia mikononi mwa Placer Dome. Mwaka 2006 ukawa wa Barrick. Mwaka 2010 ukaitwa wa African Barrick Gold. Mwaka 2014 Acacia. Mwaka 2019 ukarudi kwa Barrick, na sasa Serikali ina hisa asilimia 16 na kuna kampuni ya ubia iitwayo Twiga. Majina langoni yamebadilika. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 2002 leo naye ana mtoto. Na wapo majirani zetu ambao muda wote huo mazungumzo yao ni yaleyale: wathamini wanakuja lini, malipo yanatoka lini.

Kinachonisumbua mimi si nyumba zile. Nyumba itaanguka na mvua, basi. Kinachonisumbua ni kwamba tegesha imetoka kwenye nyumba ikaingia kwenye maisha. Msikilize mtu wa makamo akiongea senta. Nikilipwa, nitamjengea mama watoto choo cha maana. Nikilipwa, nitaacha pombe. Nikilipwa, nitakwenda kumwona mzee kule Ngoreme, miaka sasa sijamtia machoni. Mura, ndugu yangu, nauli ya kwenda Ngoreme ni kiasi gani hata uingoje fidia?

Vijana nao wana namna yao. Huyu ana mkeka wa kubeti wenye timu kumi na mbili. Kumi na moja zimetoa, moja imeuchana. Kesho ataweka mwingine, na maisha yataanza siku mkeka utakapotiki. Yule anangoja ajira ya mgodini na hataki kusikia habari ya kazi nyingine. Mwingine anamngoja mjomba aliyeko Dar es Salaam. Maisha yamesimamishwa, yamepigwa bati, na ndani hamna mtu.

Tangu mwaka 2012 hutolewa ripoti ya dunia inayozipanga nchi kwa furaha. Tanzania tumezoea kukaa mkiani. Mwaka 2019 tulikuwa wa 153 kati ya nchi 156, na Finland ikawa ya kwanza. Watu wakaja juu: sisi? Sisi tunaocheka misibani, sisi tunaosalimiana nusu saa njiani? Lakini tazameni swali lenyewe. Mtu anaambiwa afikirie ngazi yenye vidato kuanzia 0 hadi 10. Kidato cha juu ni maisha bora kabisa anayoweza kuwa nayo, cha chini ni mabaya kabisa. Yeye anajiona amesimama wapi? Nchi hupangwa kwa jibu hilo, si kwa kuangalia kama jana ulicheka. Sasa muulize swali hilo mtu anayengoja. Atakutajia kidato cha tatu, hata kama ana ng'ombe watano zizini na watoto wazima wa afya, kwa sababu macho yake yako kwenye kidato ambacho hajakipanda. Siidharau ripoti ile. Umaskini ni umaskini, na wenzetu wa Finland wana hospitali. Nasema tu kwamba kungoja nako kunamshusha mtu ngazi, na hakuna anayekuhesabia.

Sasa nikisema kila mtu abebe wajibu wa furaha yake, lazima niwe mwangalifu, maana kauli hiyo imetumiwa vibaya sana. Wapo wakubwa wanaoipenda mno. Mwananchi akilalamikia kisima, anaambiwa ajitume. Akilalamikia zahanati, ajitume. Hapana. Maji ya Mto Tigithe hayakuchafuka kwa sababu wanawake wa huku hawakujituma. Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya maji yaliyokuwa yakivuja kutoka bwawa la topesumu. Mzigo huo ni wa mwenye mgodi na wa Serikali inayomsimamia. Usikubali mtu akutwike wewe. Fidia nayo ni haki, si hisani. Ukishathaminiwa kihalali, sheria inataka ulipwe bila kuchelewa, na ikipita miezi 6 tangu uthamini kuidhinishwa, unadai na riba juu yake.

Basi wajibu wako uko wapi? Kwanza uko kwenye karatasi. Nakala ya fomu yako ya uthamini iko wapi? Ni wangapi kati yenu mnaoweza kuinuka sasa hivi mkaitoa sandukuni bila kupekua nyumba nzima? Uko pia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unapaswa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Uliopita ulikuwepo? Mapato na matumizi yaliposomwa uliuliza swali, au uliyasikia kwa jirani jioni mkiwa mmeshika glasi? Mtu anaweza kulaani viongozi miaka kumi bila kukanyaga mkutano hata mmoja. Huyo hadai haki yake, anajiliwaza.

Halafu uko kwenye vitu vidogo vilivyo mkononi. Umeambiwa usiendeleze eneo lililothaminiwa, sawa. Hujakatazwa kukodi nusu ekari kwingine, wala kufuga kuku, wala kumpeleka binti yako VETA akajifunze ufundi. Nawe mwenye nyumba ya tegesha, nikuambie bila kukuficha: bati lile ulilolipandisha juu ya nyumba isiyolala mtu lingetosha kuezeka jiko la mkeo, ambamo mvua inaingia mpaka leo. Angalau hilo lingekuwa furaha ya uhakika, tena ya kila siku, tena isiyohitaji sahihi ya mtu yeyote ofisini.

Huku nadai changu, huku naishi. Sioni kwa nini kimoja kimzuie mwenzake.

Upande wa wajibu niuache hapo. Nakuja kwenye mapumziko, nayo ni sehemu ya furaha, na najua hapa ndipo tutakapogombana.

Mwanaume wa kwetu ukimwambia apumzike, hakuulizi namna gani. Anajua. Saa kumi jioni yuko senta, kiti cha plastiki, chupa mezani. Kama si hapo, yuko kibanda umiza, amebanwa kwenye benchi anatazama ligi ya Uingereza. Usiku anarudi na deni na hasira. Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba Machi 2017. Gongo, ambayo haijawahi kuwa halali, inaendelea kunyweka. Sina ugomvi na bia moja ukiwa na rafiki yako. Ninachouliza ni hiki: ni mapumziko gani yanayokuamsha asubuhi ukiwa umechoka kuliko ulivyolala?

Hilo ni dogo. Kubwa ni hili linalofuata, na naomba akina baba msitoke.

Nendeni shambani mvua za kwanza zinapoanza. Saa kumi na mbili asubuhi ng'ombe wanne wamefungwa nira. Kijana yuko mbele anawaongoza, baba ameshika plau, mama yuko nyuma na bakuli la mbegu, anadondosha kwenye mfereji na kufukia kwa mguu, mtoto yuko mgongoni. Jua likipanda, saa nne na nusu au saa tano hivi, baba anasema basi, wanyama wamechoka. Nira inafunguliwa. Ng'ombe wanapelekwa kunywa maji, kisha kivulini, na hakuna atakayewagusa kwa fimbo mpaka kesho. Baba naye anatafuta kivuli chake. Mama anaweka jembe begani. Anapitia kuni njiani. Anafika nyumbani, anawasha moto, anachukua ndoo, anakwenda kisimani. Anarudi, anasonga ugali, anaosha vyombo. Mchana anarudi kupalilia muhogo. Jioni anakamua. Usiku anawaogesha watoto, na wote wakishalala ndipo anakumbuka kwamba hajala.

Tunajua kwamba ng'ombe akizidishiwa plau atakufa, na ng'ombe ni mali, ng'ombe ni mahari. Kwa hiyo tumempangia saa za kazi. Mama hatujampangia.

Nchi imempangia mwajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, mfanyakazi apate saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya siku moja na nyingine, na kila mwaka apate likizo ya siku 28 yenye malipo. Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara ya 24, liliiweka haki ya kupumzika bayana. Kijana wako aliyeajiriwa mgodini anazijua saa zake, na zikizidishwa anadai malipo ya ziada. Mama wa shambani hana ofisi ya kumwandikia barua ya likizo. Mwajiri wake ni kaya, na mkuu wa kaya ni wewe unayenisikiliza ukiwa umenyoosha miguu.

Si jambo la huruma tu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu zao: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukimlinganisha na wa saa 35 hadi 40. Jumlisha mwenyewe saa za yule mama. Nawe dereva wa bodaboda, jumlisha za kwako: unatoka alfajiri, unarudi saa tano usiku kwa sababu hesabu ya bosi haijatimia, na usingizi unakuja juu ya pikipiki, katikati ya vumbi na malori.

Nitaulizwa: mama akipumzika, nani atapika? Jibu ni fupi. Wewe. Au kijana wako wa kiume. Hapo nitaletewa mila, kwamba mwanaume aliyetahiriwa haingii jikoni. Wazee wangu nawaheshimu, na siku wakiniita kwenye ritongo, baraza lao, nijieleze, nitakuja. Lakini niwaulize kwa adabu. Vijana wetu hawa wakienda jeshini, si wanapika zamu kwa zamu? Wakipanga chumba Mwanza, nani anawakaangia mayai na kuwafulia soksi? Basi mila hiyo huwa imekaa wapi wakati wao wako safarini, hata iwarukie siku wanaposhuka basi Nyamongo?

Tena jambo hili lina kichekesho chake. Kati ya Julai na Oktoba kuna watu wanaopanda ndege kutoka London na Chicago, wanalipa fedha nyingi, wanakuja kupumzika huku kwetu. Wanakaa kwenye magari kule Kogatende, ndani ya Hifadhi ya Serengeti, wanawatazama nyumbu wakivuka Mto Mara. Kutwa nzima wametulia, wanatazama mto. Ni mto huuhuu. Sisi tunauona kila wiki tukiwa na ndoo kichwani. Siwalaumu wageni, wamejipangia siku zao, wakaziweka kwenye kalenda, wakawaaga mabosi wao. Ninachowaonea wivu si magari, ni ile kalenda.

Wala si wageni pekee. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, jirani yetu hapa mkoani, alipokuwa Rais wa nchi changa yenye kila aina ya shida, alipata wasaa wa kukaa na Shakespeare. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Alipoacha urais mwaka 1985 alirudi Butiama, akalima, akacheza bao na wazee wenzake. Mwenye nchi alipata nafasi, wewe mwenye ekari mbili unasema huna. Ila tuwe wakweli: yeye alikuwa na watu wa kumpikia. Ndiyo maana bado namrudia yule mama wa nyuma ya plau.

Wazee wetu wa Kikurya hawakuwa watu wasiojua kupumzika. Litungu lilitoka wapi kama hapakuwa na jioni za kulisikiliza? Nyuzi nane, bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi, mpigaji ameketi chini nalo, sauti nzito inayokupiga kifuani kabla haijafika sikioni. Anamsifu huyu kwa jina, anamkejeli yule kwa ng'ombe wake waliokonda, watu wanacheka, wanainuka, wanacheza mabega. Hakuna kiingilio. Baba yupo, mama yupo, mtoto amelala mapajani. Furaha ya namna hiyo ilihitaji mtu aseme tu: leo kazi imeisha, njooni. Siku hizi litungu linaitwa waziri anapokuja. Linapigwa dakika tano, mshereheshaji anasema asante, na mpigaji anabeba chombo chake kurudi nyumbani. Vijana mnaolijua kulipiga, litoeni nje hata kama hakuna mgeni.

Basi, tupatane mambo mawili kabla ya wiki ijayo. La kwanza, usiku huu kila mwenye fomu ya uthamini aitafute, aiweke mahali pamoja na hati nyingine za nyumba, na mkeo ajue ilipo. La pili, Jumapili hii baba asitoke. Ateke maji yeye, asonge ugali yeye na wanawe wa kiume, na hata ukiwa na madonge tutakula. Mama alale mchana, au asukwe nywele chini ya mwembe, au aende kwa dada yake, au akae tu, na asiulizwe chumvi iko wapi mpaka saa kumi jioni.

Mkishajaribu, nipigieni simu wiki ijayo, saa hizihizi, mniambie imekuwaje. Na akina mama mpige pia, maana baba akisimulia peke yake sitaamini.